Vibua wa Feri na mafuta yaliyomo kwenye damu yako

Watu wengi wanaokuja kupima mafuta kwenye damu hapa Mtwara wanaondoka na karatasi yenye namba nne, kolestro yote, HDL, LDL na triglisaraidi, wanaipeleka kwa daktari, daktari anaangalia ipi imepanda, kama ipo anaandika dawa au anamwambia mtu apunguze mafuta, basi, karatasi inaingia kwenye bahasha. Kazi yangu mimi ndo hiyo ya kutoa hizo namba na siipuuzi hata kidogo, LDL ikiwa juu iko juu na dawa zake zinaokoa watu, hapo nisieleweke vibaya. Ila ndani ya damu hiyohiyo kuna kitu kingine ambacho hatukipimi na ambacho sisi wa pwani ya kusini kinatuhusu kuliko tunavyodhani. Damu yako ina kumbukumbu ya aina za mafuta ulizokula miezi mitatu minne iliyopita, na hizo aina zina mengi ya kusema kuhusu moyo wako.

Nieleze kidogo hapa manake bila hapa mbele patakuwa giza. Mafuta na maji havichanganyiki na damu kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo mwili unayafunga mafuta kwenye vifurushi vyenye protini ndo yanasafiri, LDL ni aina moja ya kifurushi, ile inayohatarisha mishipa ikizidi, HDL ni nyingine, ile inayoitwa nzuri, na triglisaraidi ni mafuta ya kawaida yanayobebwa humo. Tunachopima ni vifurushi na mzigo kwa ujumla wake. Lakini ukifungua kifurushi, au ukichukua ngozi ya chembe yoyote ya damu ukaichambua, unakuta asidi za mafuta, minyororo ya kaboni, mingine mifupi mingine mirefu, mingine imenyooka mingine ina mikunjo. Palmitiki ina kaboni 16 na imenyooka. Oleiki ina 18 na mkunjo mmoja, linoleiki ina 18 na mikunjo miwili. Alafu kuna hizi za samaki, EPA yenye kaboni 20 na mikunjo mitano na DHA yenye kaboni 22 na mikunjo sita, ndo zinaitwa omega 3 za baharini. Kuzitenganisha moja moja kunahitaji mashine ya gesi kromatografia, ambayo sio hii tunayotumia kutoa majibu ya kila siku, ndo maana hujawahi kuiona kwenye karatasi yako.

Kuna siku lakini mafuta yanajionyesha yenyewe bila mashine kubwa. Ukichukua damu ukaiacha igande alafu ukaizungusha kwenye sentrifuji, chembe zinakaa chini na juu inabaki serumu, ambayo kwa kawaida ni ya njano iliyokolea kidogo na unaweza kuona kidole chako upande wa pili wa tyubu. Sasa wiki za msimu wa korosho, watu wameshauza wana hela mkononi, inakuja tyubu ukiitoa kwenye mashine ile serumu ni nyeupe kama tui zito la kwanza, huoni kitu upande wa pili, ukiinamisha tyubu inaacha utando kwenye kioo. Hiyo ni triglisaraidi ikiwa juu sana. Kawaida tunataka isizidi 1.7 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na ikipita 4.5 hata LDL tunashindwa kuipigia hesabu kwa ile fomula ya Friedewald ya mwaka 1972 ambayo maabara nyingi duniani bado zinaitumia, inabidi tuandike haikuweza kukokotolewa na mgonjwa anadhani maabara imeharibu. Na ikipita kabisa, ikifika 5.6 na kuendelea, hofu sio moyo peke yake tena, hata kongosho linaweza kuvimba.

Mtu mwenye tyubu ya namna hiyo ukimuuliza mara nyingi atakwambia mimi mbona mafuta sili, nakula ugali wangu tu. Anasema kweli jamani. Watu wengi hawajaambiwa kwamba ini lenyewe linatengeneza mafuta, likizidiwa na sukari na wanga na pombe linavigeuza kuwa asidi ya palmitiki na kuisukuma kwenye damu. Kwa hiyo ukikuta palmitiki nyingi kwenye damu ya mtu huwezi kusema moja kwa moja huyu anakula nyama ya mafuta, inawezekana ni bonge la ugali wa muhogo mara mbili kwa siku na soda mbili katikati, inawezekana ni pombe ya ulaka na gongo la mabibo, na inawezekana kisukari kimeshaanza hajui. Hapa ndo ninapoumia, manake ushauri wa "punguza mafuta" ukimpa mtu huyu anaacha samaki na karanga alafu anaongeza ugali ili ashibe, na baada ya miezi mitatu anarudi tyubu iko vilevile au imezidi. Triglisaraidi yake ingeshuka kwa kupunguza soda, pombe na lile bonge la ugali, samaki wake angebaki nao.

Sasa tuje kwenye chembe nyekundu. Chembe nyekundu moja inaishi kama siku 120, na ngozi yake imejengwa kwa mafuta yaliyokuwepo mwilini inapotengenezwa na yale inayobadilishana na damu inavyozunguka. Kwa hiyo ukiipima huangalii chakula cha jana, unaangalia maisha ya mtu ya miezi kadhaa, tofauti na triglisaraidi ambayo biriani la jana usiku linaweza kuipandisha. Mwaka 2004 wanasayansi wawili, William Harris wa Marekani na Clemens von Schacky wa Ujerumani, wakapendekeza kitu kinaitwa indeksi ya omega 3, yani kwenye mafuta yote ya ngozi ya chembe nyekundu EPA na DHA kwa pamoja ni asilimia ngapi. Wakasema ikiwa 8 au zaidi mtu yuko sehemu salama zaidi, chini ya 4 yuko sehemu mbaya, katikati ni katikati. Wamarekani wengi wanaangukia huko 4 na 5, Wajapani wanaokula samaki karibu kila siku wanakuwa juu ya 8.

Hayo hayakutoka hewani. Miaka ya 1970 Bang na Dyerberg, madaktari wa Denmark, walikwenda Greenland wakapima damu za wawindaji wanaokula sili na samaki wakakuta EPA nyingi ambayo Wadenmark hawana, wakahisi ndo sababu moyo hauwasumbui. Baadae watafiti wengine walikuja kuhoji kama kweli hawakusumbuliwa na moyo au takwimu za kule zilikuwa mbovu, na hilo ni swali la haki kabisa, lakini kile cha kwenye damu kilikuwa cha kweli na kikafungua mlango. Mwaka 2002 ikatoka kazi ya madaktari wanaume wa Marekani ambao damu zao zilihifadhiwa walipokuwa wazima wa afya, wakafuatiliwa mpaka miaka 17, wakachukuliwa 94 waliokufa ghafla kwa moyo wakalinganishwa na wenzao 184 walio hai, na wale wenye omega 3 nyingi kwenye damu walikuwa na hatari ndogo mno ya kufa ghafla ukilinganisha na wenye kidogo. Kufa ghafla, yani mtu mzima kabisa asubuhi kaenda shamba, mchana mnapigiwa simu. Hizo simu tunazijua huku kwetu.

Ila utafiti ninaoupenda kuliko yote ulifanyika hapahapa Tanzania na nashangaa hatuusemi. Unaitwa utafiti wa Lugalawa, ulitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1996. Waitaliano na wenzao walikwenda Ludewa wakachukua vijiji vya aina mbili, watu wa ufukweni Ziwa Nyasa wanaokula samaki gramu 300 mpaka 600 kwa siku, na watu wa milimani jirani yao ambao chakula chao karibu chote ni mimea, zaidi ya watu 600 kila upande. Wote Wabantu, wa asili moja na maisha yanayofanana, tofauti kubwa ni sahani. Wale wa ziwani walikuwa na omega 3 nyingi zaidi kwenye damu, presha yao ilikuwa chini kuliko ya wa milimani, kolestro chini, triglisaraidi chini, na kuna kitu kinaitwa Lp(a), aina ya kifurushi cha mafuta ambayo kwa sehemu kubwa mtu anazaliwa nayo na haibadiliki kirahisi kwa chakula, hata hiyo walikuwa nayo kidogo zaidi. Na hao samaki ni wa maji baridi, ambao kwa kawaida omega 3 yao hawafikii wa baharini wenye mafuta. Mimi nikisoma hiyo kazi naangalia nje naiona bahari yetu, Msimbati, Mikindani, Kilwa mpaka Lindi mjini, nawaza sisi tumekaa juu ya kitu gani.

Maana shida yetu watu wa kusini sio kukosa samaki. Shida ni samaki gani na tunamfanyaje. Mamkubwa wangu anakaa Shangani, nikienda soko la samaki la Feri huwa nampitia na yeye samaki wake, siku moja nikampelekea vibua wanono, macho bado yanang'aa, mashavu ndani mekundu, akawaangalia akasema, "Mwanangu, leo nina wageni, mgeni humpi kibua, ungeniletea changu au nguru." Nikamwambia mamkubwa kibua ndo mwenye mafuta ya moyo, changu nyama yake nyeupe nzuri lakini mafuta yake kidogo. Akasema, "Haya, basi niwakaange." Nikamwomba apike mchukuchuku. Akanijibu, "Mchukuchuku si chakula cha mgonjwa? Watasema nimewanyima mafuta." Tukakubaliana nusu abanike nusu achemshe na ndimu na pilipili, na wageni walikula wote wakamaliza, wakaulizia na supu.

Kwa nini nilikazania asikaange. Mwaka 2003 kuna kazi ilitoka Marekani kwa wazee wa kuanzia miaka 65, waliokuwa wanakula jodari au samaki wa kuoka na kubanika walikuwa na vifo vichache vya ugonjwa wa moyo, na omega 3 kwenye damu yao ilikwenda sambamba na samaki waliosema wanakula. Waliokuwa wanakula samaki wa kukaanga hawakupata hiyo faida, na damu yao haikuonyesha kabisa kwamba wanakula samaki. Hapo ndo utamu wa kupima damu ulipo, mtu anaweza kukwambia nakula samaki kila siku na ni kweli anakula, ila damu inasema hapana. Mara nyingi kule kwao samaki wa kukaanga anakuwa wa nyama nyeupe asiye na mafuta mengi toka mwanzo alafu anarudi amejaa mafuta ya kikaangoni, na huku kwetu ukimkaanga changu mpaka awe mkavu hali inakuwa hiyohiyo.

Dagaa nao msiwaache jamani, wadogo wale wana omega 3 nzuri, na faida nyingine ya samaki wadogo ni kwamba zebaki haijawajaa kama papa, nduwaro na wengine wakubwa wanaoishi miaka mingi wakila wenzao, kwa mama mjamzito hilo ni la muhimu. Ng'onda sawa, mtamu, ila chumvi yake mtu wa presha aiogope, aloweke amwage maji mara mbili tatu.

Nazi najua hapa nitagombana na watu. Mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni yale yaliyonyooka, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na ukila mengi LDL inapanda, HDL nayo inapanda lakini hiyo haifuti kupanda kwa LDL. Yanayosambazwa kwenye magrupu ya Whatsapp kwamba kunywa kijiko cha mafuta ya nazi kila asubuhi kunasafisha mishipa sio kweli. Simwambii mtu aache mchuzi wa nazi, mimi mwenyewe nimelelewa na tui, nasema wali wa nazi na maharage ya nazi na samaki wa nazi mlo mmoja, kila siku, kwa mtu ambaye LDL yake imeshapanda, hapo apunguze, achague kimoja.

Upande wa pili Mungu ametupa ufuta na korosho na karanga. Lindi ufuta ni hela lakini pia ni chakula, mafuta yake sehemu kubwa ni oleiki na linoleiki karibu sawa kwa sawa. Korosho mafuta yake mengi ni oleiki. Na kuna meseji nyingine inazunguka inasema omega 6, yani hiyo linoleiki, ni sumu inayovimbisha mishipa. Mwaka 2019 watafiti walikusanya tafiti 30 za kutoka nchi 13 ambazo zote zilipima linoleiki kwenye damu au kwenye mafuta ya mwili kabla watu hawajaumwa, wakakuta wenye linoleiki nyingi zaidi ndo waliokuwa na vifo vichache vya moyo na mishipa. Damu imepimwa, haikusimuliwa. Korosho zisizo na chumvi, mkono mmoja kwa siku, sioni sababu ya kuziogopa, inaniuma kuona mtu analima ekari za mikorosho anauza kilo zote alafu nyumbani watoto wanakula biskuti.

Na biskuti ndo inaleta lile kundi baya kuliko yote, mafuta ya transi. Yanatokea kiwandani mafuta ya mimea yanapogandishwa nusu kwa haidrojeni, yanapandisha LDL na kushusha HDL kwa pamoja. Mwili wa binadamu hautengenezi hayo kwa kiasi cha maana, kwa hiyo yakikutwa kwenye damu yako yameingia kwa mdomo, kidogo kutoka kwenye maziwa na nyama ya ng'ombe na mbuzi ambako yapo ya asili, mengi kutoka kwenye vyakula vya viwandani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitoa wito nchi zote ziyaondoe kwenye chakula ifikapo 2023, na nchi nyingi bado hazijafika. Ukinunua siagi ya kupaka au biskuti soma nyuma, ukikuta maneno ya kwamba mafuta yamegandishwa nusu kwa haidrojeni rudisha. Na kwa dada zangu wa mihogo na pweza stendi, mafuta yaliyokaangwa leo kesho keshokutwa mpaka yamekuwa meusi yanatoa povu, hayo yameshaharibika, yamwageni, najua yana bei.

Sasa swali ninaloulizwa sana, si ninywe vidonge vya mafuta ya samaki tu niache kuhangaika? Hapa lazima tuwe wakweli. Damu yenye omega 3 nyingi ni dalili nzuri, lakini dalili na dawa ni vitu viwili, mtu anayekula samaki mara nyingi amekula samaki badala ya kitu kingine, na pengine anatembea zaidi na havuti sigara, watafiti wanajitahidi kuyatoa hayo kwenye hesabu lakini hayatoki yote. Vidonge vilipojaribiwa majibu yakachanganyika. Utafiti wa VITAL wa 2018, watu karibu elfu 26, gramu moja kwa siku, haukupunguza kwa uhakika yale matatizo makubwa ya moyo na mishipa waliyokuwa wanayaangalia. Mwaka huohuo REDUCE-IT, gramu nne za EPA iliyosafishwa kwa watu wenye triglisaraidi juu na tayari wako kwenye dawa za kolestro, ikapunguza matatizo kwa asilimia 25. STRENGTH, gramu nne pia lakini mchanganyiko wa EPA na DHA, ikasimamishwa 2020 kwa kutoonyesha faida. Na dozi kubwa zimeonekana kuongeza hatari ya moyo kupiga bila mpangilio kwa baadhi ya watu. Kwa hiyo vidonge ni vya kuongea na daktari, hasa kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na samaki mara mbili kwa wiki ndo ushauri ambao vyama vya moyo vinautoa kwa watu wote.

Mwisho kwa wanaokuja kupima. Indeksi ya omega 3 hutaikuta kwetu, ila zile namba nne zikipimwa vizuri zinatosha kuanzia, na zisome pamoja na presha, sukari na kama unavuta, manake moyo hauangalii kimoja. Ukiambiwa uje na njaa kula chakula chako cha usiku kabla ya saa 2, baada ya hapo maji tu mpaka asubuhi, dawa zako za presha usiache. Pombe usiguse tangu siku moja kabla. Na kama jana yake umetoka arusini au kwenye unyago umekula pilau la usiku wa manane, usione aibu, tuambie tu dirishani, tutakupangia siku nyingine na hela yako haitapotea.